Faini za mwendo kati ya Mwanza, Bunda na Geita: dereva afanye nini, na mwenye gari afanye nini?

Mama wa Mwaloni (mwulizaji)

Habari zenu ndugu zangu. Ninafanya biashara ya dagaa na samaki wakavu katika soko la Mwaloni, Kirumba, na nina kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, inayopeleka mzigo Magu, Lamadi na Bunda, na siku nyingine inavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema na Geita. Siendeshi mwenyewe, nimemwajiri kijana ambaye ni mwaminifu kwa fedha na kwa mzigo, na hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia juu yake. Kinachonisumbua ni faini. Kila ninapoingiza namba ya gari katika mfumo wa Polisi wa kuangalia madeni ya barabarani, ninakuta deni jipya la Sh30,000, na karibu yote ni ya kosa lile lile la kuzidisha mwendo katika eneo la kilomita 50 kwa saa.

Kijana ananieleza kwamba vibao vingine havionekani, kwamba askari wenye tochi za kupimia mwendo hukaa mahali ambapo dereva hawezi kuwaona, na kwamba wenzake hawapigwi kwa sababu wana makundi ya simu wanamopeana taarifa. Sitaki kumwonea kwa jambo ambalo huenda si kosa lake, lakini pia siwezi kuendelea kuuza dagaa ili nilipe faini.

Naomba wenye uzoefu na njia hizi mnishauri. Dereva afanye nini ili aende Bunda na kurudi bila kupigwa tochi, na bila ujanja utakaomtia matatani zaidi? Vile vifaa vinavyosemekana kuinusa tochi kabla hujaifikia vina kazi yoyote? Na deni hili kwa haki ni la nani, la kijana aliyeshika usukani au langu mimi mwenye gari?

Dereva Mstaafu, Igoma

Mama, pole na shughuli. Njia hiyo ya Musoma nimeiendesha kwa miaka mingi, kwanza kwa lori na baadaye kwa basi, na nitakueleza ninavyoifahamu.

Kuanzia Mabatini, Buzuruga na Nyakato hadi Igoma na Kisesa ni mji mtupu, na hapo msongamano wenyewe humtuliza dereva. Hatari ya faini inaanza baada ya Kisesa, barabara inapofunguka na mguu ukalala juu ya pedali ya mafuta. Mbele yake kuna Nyanguge, kuna Magu mjini, kuna Nyashimo, kuna Lamadi, halafu kipande cha Ndabaka kinachopita pembezoni mwa hifadhi ya Serengeti, ndipo ufike Bunda. Katikati ya majina hayo kuna vijiji na magulio ambayo mpita njia hayajui kwa jina, lakini kila kimoja kina watu wanaovuka barabara.

Sasa angalia mahali ambapo dereva hupigwa tochi. Mara chache hupigwa katikati ya kijiji, kwa sababu akifika katikati ameshaona watu na ameshapunguza. Anapigwa mwanzoni, hatua chache baada ya kibao, gari likiwa bado linaviringika kwa 70 huku mwenyewe akiamini kwamba ameshapunguza; au anapigwa mwishoni, anapoona nyumba zimeisha akakanyaga mafuta kabla hajakifikia kibao cha 50 iliyokatwa kwa mistari. Vipande hivyo viwili, cha kuingia na cha kutoka, ndivyo vinavyozaa faini nyingi unazoziona kwenye simu yako.

Mwambie kijana kwamba kibao cha 50 ni mahali ambapo anatakiwa awe ameshafika 50, si mahali pa kuanza kupunguza. Akikiona kwa mbali aondoe mguu kwenye mafuta pale pale, aiache injini ilivute gari nyuma, ashuke gia moja, na breki aiguse kidogo tu mwishoni. Akiwa na mzigo aanze mapema zaidi. Akishaingia ndani ya kijiji asiende na gia kubwa, kwa sababu kwenye gia kubwa injini huwa kimya na gari hujiongeza polepole kutoka 50 hadi 60 bila dereva kuhisi chochote. Abaki kwenye gia ya tatu, au ya nne kama gari linaikubali, ili mlio wa injini umwambie masikioni kile ambacho macho yake, yanayotazama watoto na baiskeli, hayana nafasi ya kukisoma kwenye dashibodi.

Kuhusu vibao visivyoonekana, hapo kijana anasema kweli kwa sehemu. Vibao huibwa vikauzwa kama chuma chakavu, vingine hugongwa, vingine hufunikwa na matawi. Lakini kukosekana kwa kibao hakuligeuzi eneo la makazi kuwa pori. Akiona maduka pande zote mbili, shule, zahanati, kivuko cha pundamilia au watu waliopanga nyanya kandokando ya lami, basi ahesabu kwamba yumo ndani ya 50. Na kibao kikikosekana, ofisi ya mkoa ya TANROADS, Wakala wa Barabara, ipewe taarifa, kwa sababu barabara hizo kuu ziko chini yao, na taarifa yenye jina la kijiji na upande wa barabara hufanyiwa kazi kwa urahisi kuliko malalamiko ya jumla.

Kabla sijaendelea, nina swali kwako. Gari linaondoka Mwaloni saa ngapi, na wateja wa Bunda wanautaka mzigo saa ngapi?

Kijana wa Buhongwa

Shikamoo mzee, na shikamoo mama. Kwa heshima zote, naona mnamzungushia mama jambo lililo jepesi. Sisi tunaokwenda Geita na Shinyanga tuna makundi ya simu. Mtu akipita Misungwi akakuta tochi anaandika, na wote tulio nyuma tunajua. Vilevile dereva anayekuja upande wa pili anakuwashia taa, nawe unashusha mwendo. Kijana wake aingizwe kwenye kundi, na faini zitapungua bila kumbadilishia kazi yake yote. Barabara ni ndefu, na kwenda 50 kila penye vibanda vitatu ni kupoteza siku nzima.

Dereva Mstaafu, Igoma

Marahaba, kijana wangu. Makundi hayo nayafahamu, na sikatai kwamba kuna siku yamemwokoa mtu. Lakini tazama yanavyofanya kazi. Taarifa inaandikwa na mtu aliyepita hapo nusu saa iliyopita, na askari hawakufungwa kamba mahali walipo. Wanaweza kuhama kutoka mwanzo wa kijiji kwenda mwisho wake, au kwenda kijiji kinachofuata. Dereva anayeliamini kundi hupunguza mahali ambapo tochi ilikuwapo, kisha hufungua mwendo mahali ilipohamia. Zaidi ya hapo, ili asome ujumbe lazima ashike simu akiwa anaendesha, na hilo ni kosa jingine, tena la hatari kuliko la kwanza.

Na kuwashiana taa nako nimekuona kukileta ajali. Mtu yuko 90, anawashiwa taa, anakanyaga breki ghafla, na wa nyuma yake mwenye tela hana pa kwenda. Sikuelezi haya ili nikushinde kwa maneno, mwanangu. Mpe mama ushauri ambao utafaa hata siku ambayo kundi limenyamaza.

Fundi wa Nyakato

Mama, nijibu suala la vifaa, kisha niongeze jambo ambalo naona hakuna aliyeligusa.

Tochi za leza hutuma mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho, hupima muda ambao mwanga huo unatumia kwenda hadi kwenye gari na kurudi, na kwa kurudia kipimo hicho mara nyingi ndani ya muda usiofika sekunde moja hujua gari linasogea kwa kasi gani. Mwanga wenyewe ni mwembamba na unalengwa gari moja. Kwa hiyo hata kama una kifaa kinachoweza kuunusa, kitalia wakati ambapo kasi yako imeshapimwa na picha yenye namba ya gari imeshachukuliwa. Usitoe fedha yako kwa ajili hiyo. Wengine husema askari akisimama pembeni ya barabara kipimo kinazidishwa, lakini hesabu ya pembe inakwenda kinyume cha hivyo: kadiri anavyosimama mbali na mstari wa gari, ndivyo kipimo kinavyosoma chini ya mwendo halisi, yaani pembe humfaa dereva.

Jambo ninalotaka ulichunguze ni matairi. Kirikuu nyingi hutoka kiwandani na matairi ya 145/80R12, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 537. Wenye magari hutaka gari linyanyuke kwa ajili ya barabara za vumbi, kwa hiyo huweka rimu za 13 na matairi ya 155/80R13, ambayo kipenyo chake ni kama milimita 578. Tofauti hiyo ni karibu asilimia 8. Spidomita haijui kwamba umebadilisha matairi. Inaendelea kuhesabu mizunguko, ilhali kila mzunguko sasa unalipeleka gari mbali zaidi ya zamani. Viwanda kwa kawaida huipanga spidomita isome juu kidogo ya mwendo halisi ili dereva awe upande salama, lakini matairi makubwa huula usalama huo wote na pengine kupita. Mshale ukisema 50, gari linaweza kuwa linakwenda 53 au 54, na kijana wako anaapa kwa dhati kabisa kwamba hakuzidisha.

Kupima ni rahisi. Mtu wa pili akae na simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa setilaiti, waende kwenye kipande kilichonyooka, dereva ashikilie mshale kwenye 50 bila kuyumba, na yule wa pili asome simu. Wakifanya hivyo kwa 50 na kwa 80, watajua mshale unadanganya kwa kiasi gani, na kijana ataweka alama ndogo ya wino kwenye kioo cha spidomita mahali ilipo 50 ya kweli. Ukileta gari gereji hapa Nyakato fundi yeyote mwenye uzoefu atakuonyesha ukubwa wa tairi kwa kusoma tu maandishi yaliyo ubavuni mwake.

Ukiwa hapo hapo aziangalie na breki za nyuma. Magari haya madogo ya Japani kwao hubeba mzigo usiozidi kilo 350, nasi huku tunayapandishia magunia hadi springi zinagusa. Gari lililozidiwa halishuki kutoka 80 hadi 50 kwa umbali ambao dereva ameuzoea likiwa tupu, kwa hiyo linavuka kibao likiwa bado na mwendo.

Msaidizi wa Sheria, Ilemela

Dada yangu, nitajibu swali lako la mwisho, nalo lina pande mbili ambazo watu huzichanganya: upande wako na Polisi, na upande wako na mfanyakazi wako.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo sasa ni Sura ya 168, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kikomo cha 80 nje ya maeneo hayo kwa magari ya biashara na ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Kirikuu haifiki uzito huo, lakini inabanwa na kila kibao kilichowekwa barabarani, na pia inabanwa na makosa ya kuendesha kwa uzembe au kwa hatari, ambayo hayategemei namba ya kwenye kibao. Faini ya Sh30,000 unayoiona ni ya makosa yanayomalizwa kwa notisi bila kwenda mahakamani. Kwa bodaboda na bajaji kiwango hicho kilishushwa hadi Sh10,000 katika bajeti ya mwaka 2021/22. Gari lako halimo katika punguzo hilo.

Notisi hiyo maana yake ni kwamba dereva amekubali kosa na amechagua kulipa. Asipokubali ana haki ya kukataa na shauri likaenda mahakamani, ambako upande wa mashitaka utatakiwa kuthibitisha. Kwa hiyo kijana akisimamishwa, aombe kwa adabu aonyeshwe picha, asome mwendo ulioandikwa, saa, mahali, na namba ya gari. Kama ni gari lake na mwendo ni ule, akubali na apokee kumbukumbu namba ya malipo. Kama namba si yake, aseme hapo hapo kwa utulivu, kabla notisi haijaandikwa. Asikubali barabarani kisha aje kukataa mbele yako. Deni likishaingia kwenye mfumo lipeni mapema, kwa sababu likikaa linaongezeka, na linabaki likionekana kwenye namba ya gari hata ukiliuza.

Kama kuna mtu yeyote anayempendekezea amalize jambo kwa fedha ya mkononi isiyo na risiti, asitoe. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 anayetoa ana kosa sawa na anayepokea, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.

Upande wa pili ndio ninaoomba uusome kwa makini. Waajiri wengi wadogo wakiona faini hukata mshahara wa dereva mwisho wa mwezi, wakiamini hiyo ni haki yao ya moja kwa moja. Sivyo ilivyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kukata ujira wa mfanyakazi isipokuwa pale sheria, makubaliano ya pamoja ya mwajiri na chama cha wafanyakazi au amri ya mahakama inaporuhusu, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi. Na makato ya kufidia hasara aliyoisababisha yana masharti: iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, apewe nafasi ya haki ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kwa hiyo andikianeni. Mkataba wa ukurasa mmoja unaosema faini ya mwendo ni ya dereva iwapo gari ni zima na ratiba inatekelezeka, na ni ya mwenye gari iwapo spidomita ni mbovu au ratiba haiwezekani, utawasaidia wote wawili. Maneno hayo ya ratiba kutekelezeka yasiachwe, kwa sababu hapo ndipo haki ya kijana ilipo.

Mwalimu, Nyanguge

Naomba niseme kutoka upande wa pili wa kioo. Ninafundisha katika shule iliyo karibu na barabara hiyo, na kila asubuhi kabla ya kengele tunasimama na bendera nyekundu kuwavusha watoto wa darasa la kwanza, ambao mikono yao bado haijazoea kushikana na wenzao, na ambao wakiona rafiki upande wa pili hukimbia bila kutazama.

Kijana wa Buhongwa amesema habari ya vibanda vitatu. Gari linalokwenda 50 linasogea karibu mita 14 kila sekunde. Likiwa 80 linasogea mita 22. Dereva akihitaji sekunde moja tu kutambua kwamba mtoto ameingia barabarani, mita hizo zimeshakwisha kabla hajagusa breki. Na umbali wa breki yenyewe hauongezeki sawasawa na mwendo, bali unaongezeka kwa mraba wake, kwa hiyo kwenye 80 unakuwa karibu mara mbili na nusu ya ule wa 50, hata kwa gari lenye breki nzuri na lami kavu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na uso wa gari huongezeka kama mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka 50 hadi 65 tu. Hizo 65 ndizo ambazo dereva huziita kupunguza.

Sisemi haya kumlaumu mama aliyeuliza. Kuuliza kwake kunanipa moyo. Ninachoomba ni kwamba tunapojadili namna ya kuikwepa faini, tusiitenganishe na sababu iliyokifanya kibao kiwekwe pale. Vibao vya hapa kwetu vimewekwa mbele ya milango ya watu.

Mama wa Mwaloni (mwulizaji)

Nawashukuru sana, na mwalimu nimekusikia. Mzee wangu wa Igoma, uliniuliza saa. Boti za visiwani hutia nanga usiku na alfajiri. Tunanunua, tunapima na kufunga magunia, na gari huondoka kama saa 12:30 asubuhi. Wateja wa Bunda wanataka mzigo saa 3 asubuhi kabla soko halijachangamka, na njiani kijana anashusha magunia Magu na Lamadi. Ninamlipa kwa tripu, na akiwahi ninamwongezea kidogo. Kipindi cha giza, ambapo mwezi haupo na dagaa wanavuliwa kwa wingi, anaweza kuondoka na mzigo mkubwa zaidi na saa zikabaki zile zile.

Matairi nimeyatazama jioni hii. Ubavuni yameandikwa 155/80R13.

Dereva Mstaafu, Igoma

Basi mama, hapo ndipo faini zinapoanzia, nazo zinaanza kabla gari halijatoka getini.

Kutoka Mwaloni hadi Bunda ni takriban kilomita 150. Umempa saa mbili na nusu, na ndani yake kuna kuvuka mji wa Mwanza asubuhi wakati kila mtu anakwenda kazini, kuna kushusha mzigo mara mbili, na kuna vijiji vyote nilivyovitaja. Kirikuu yenye magunia haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa saa hizo bila kuvunja sheria mahali fulani, na posho ya kuwahi inamsukuma aivunje kila siku. Ungemweka dereva mwingine yeyote kwenye kiti hicho, angepigwa tochi vilevile.

Tufanye hesabu. Tuseme vipande vyote vya 50 baada ya Kisesa vikijumlishwa vinafika kilomita 30. Kwa mwendo wa 50 vitamchukua dakika 36. Akivivuka kwa 80 vitamchukua dakika 22 na nusu. Faida yake yote ya kuhatarisha watoto wa mwalimu na Sh30,000 zako haifiki dakika 14, nazo hizo huliwa zote akisimamishwa mara moja, akashuka, akatoa leseni na kusubiri zamu yake nyuma ya wengine.

Dagaa wakavu si sangara wa barafu. Hawaharibiki kwa kulala usiku mmoja chini ya turubai lililofungwa vizuri kuzuia umande. Nunua na ufunge magunia mchana, gari lipakiwe jioni, lilale mahali penye mlinzi, na kijana alale usingizi kamili. Aondoke saa 11 alfajiri, apite Igoma kabla ya msongamano, na saa 3 atakuwa Bunda bila kukimbizana na mtu. Siku ambazo boti zimechelewa, mpigie simu mteja umwambie mzigo utafika saa 5. Mteja wa dagaa anaudhika kwa kungoja bila taarifa. Akipewa taarifa anapanga mambo yake. Na posho ya kuwahi iondoe, uiweke kwenye mwezi ambao namba ya gari haina deni jipya. Yule yule aliyekuwa akikimbia kwa ajili ya fedha hiyo atatulia kwa ajili yake.

Kuhusu matairi, fundi amekwisha kukueleza: ama urudishe ya 12, ama upime na kuweka alama kwenye kioo. Ukimkata kijana mshahara kabla ya kulifanya hilo utakuwa umemdhulumu.

Kijana wa Buhongwa

Mzee, hesabu ya dakika 14 nimeirudia mwenyewe kwa njia yangu ya Geita na imekuja karibu na hiyo. Nina swali moja. Kipande cha kutoka Usagara kwenda Kigongo nacho watu wanapigwa sana. Huko unashauri nini?

Dereva Mstaafu, Igoma

Huko, kijana wangu, tabia imebaki wakati sababu yake imeondoka. Zamani tulikuwa tunakimbilia kivuko. Ukiona magari yanatokea upande wa pili unajua pantoni imetia nanga, na ukiikosa unakaa foleni Kigongo huku samaki wanayeyusha barafu, kwa hiyo kila mtu kuanzia Usagara alikanyaga mafuta hadi mwisho. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa ukifika saa yoyote unavuka zile kilomita 3 kwa dakika chache tu. Hakuna cha kuwahi tena, lakini miguu ya madereva wengi bado haijapata habari hizo, na mimi nimewaona wanaopita pale Kigongo kana kwamba pantoni inataka kung'oa nanga.

Wewe tangu Mkolani na Buhongwa hesabu kwamba uko mjini. Baada ya Usagara soma vibao kimoja kimoja kama ndiyo mara yako ya kwanza kupita, na juu ya daraja fuata mwendo ulioandikwa hapo, kwa sababu upepo wa ziwa humsukuma mwenye mzigo wa juu. Ukitokea Busisi usifungue mwendo kwa furaha ya kuvuka. Kuna makazi mbele yako kabla ya Sengerema, na askari wanajua kwamba hapo ndipo dereva hujisahau.

Mama wa Mwaloni (mwulizaji)

Asanteni sana. Nimekaa na kijana tukayasoma haya yote pamoja. Kesho asubuhi gari linakwenda Nyakato kupimwa spidomita na breki, na madeni yaliyopo sasa nimeyalipa mimi, kwa kuwa saa nilizompa na matairi yale havikuwa juu yake. Msaidizi wa Sheria, kaka yangu, nimeandika rasimu ya mkataba kama ulivyoeleza, pamoja na sharti la ratiba. Nikuulize tu: mashahidi wanatosha, au lazima niupeleke kwa wakili?

Msaidizi wa Sheria, Ilemela

Dada, kwa makubaliano ya kazi ya namna hiyo saini zenu wawili zinatosha, na shahidi mmoja kila upande ataongeza nguvu. Kinacholazimika ni yawe kwa maandishi, yawe katika lugha anayoielewa kijana, na abaki na nakala yake. Andika ndani yake saa ya kuondoka, saa ya kufika kila kituo, na uzito wa juu wa mzigo.